Mteja akisema gari linatetemeka baada ya kufunga springi fupi: muulize haya kabla hujarudisha hela

Kama unauza springi fupi mtandaoni, hizi za kushushia gari, ujumbe wa aina hii utakufikia tu, kama si leo basi mwezi ujao: "Kaka zile springi ni mbovu. Nimefunga jana, gari yangu ikifika 80 inatetemeka mpaka steringi. Nirudishie hela yangu."

Hapo wauzaji wengi tunagawanyika makundi mawili. Kuna anayerudisha hela haraka ili yaishe. Na kuna anayejibu "muulize fundi wako" halafu anaacha kupokea simu. Wote wawili wanaumia. Wa kwanza anarudishiwa springi zimeshakwaruzwa, nauli ya mzigo imeshaliwa kwenda na kurudi, na mara nyingi gari la mteja linaendelea kutetemeka vilevile hata akifunga springi zake za zamani. Wa pili anapoteza mteja, na mteja mwenyewe anabaki barabarani na gari ambalo pengine lina nati zilizolegea.

Mimi nauza springi, shokapu na bushi. Wateja wangu wengi wako mikoani, mzigo unakwenda kwa basi. Siwezi kupanda basi kwenda Mbeya kukagua gari la mtu, kwa hiyo silaha yangu ni simu na maswali. Leo nakupa maswali hayo, kwa mpangilio ninaoutumia mwenyewe.

ELEWA HILI KWANZA: SPRINGI HAIZUNGUKI

Hili ukilishika, nusu ya kazi imeisha. Mtetemo unaoanza gari likifika spidi fulani, halafu unabadilika kadiri spidi inavyopanda, unatoka kwenye kitu kinachozunguka: tairi, rimu, habu, diski au shafti. Springi yenyewe imekaa palepale. Kazi yake ni kubeba uzito na kukunjuka.

Tupige hesabu ndogo. Tairi ya 195/65 R15, ambayo ni saizi ya kawaida kwa magari madogo, ikizunguka mara moja inatembea karibu mita 2. Gari likiwa kilomita 100 kwa saa linakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Maana yake tairi inazunguka kama mara 14 kwa sekunde. Upande mmoja wa tairi ukiwa mzito, steringi inapigwa mara 14 kwa sekunde. Huo ndio mtetemo.

Sasa angalia springi. Bodi la gari dogo likikaa juu ya springi zake hupanda na kushuka mara moja au mbili hivi kwa sekunde. Mkono wako hauwezi kuchanganya vitu hivyo viwili. Kimoja ni kutetemeka, kingine ni kudunda.

Basi mteja atakuuliza: mbona halikuwa linatetemeka kabla ya springi zako? Swali zuri, na usilidharau. Majibu yako matatu:

- Kufunga springi lazima tairi zitolewe. Zikirudishwa vibaya, mtetemo unaanza siku hiyohiyo.
- Gari likishuka, shafti na amu zinakaa kwa pembe mpya. Kitu kilichokuwa kimechakaa kimyakimya sasa kinaonekana.
- Wengi wanaoshusha gari hubadilisha na rimu siku hiyohiyo, halafu lawama zote zinabebeshwa springi.

KABLA YA SWALI LOLOTE: NATI

Hapa usianze mabishano ya hela. Mtu ametolewa tairi jana na leo gari linatetemeka, kitu cha kwanza ni usalama wake. Mimi namwandikia hivi:

"Pole sana ndugu yangu. Kabla hatujaongea chochote, tafadhali paki gari, kagua nati za tairi zote nne. Usitembee spidi kubwa mpaka tujue tatizo."

Nati ya tairi iliyolegea inaanza na mtetemo na inaishia tairi kuchomoka. Akifika kwenye nati, mwambie azikaze kwa mtindo wa nyota, yaani nati moja halafu inayotazamana nayo, siyo kuzunguka kama saa. Kwa Toyota nyingi ndogo kitabu cha gari kinataja mkazo wa 103 Nm, fundi mwenye spana ya kupimia mkazo atajua. Akishatembea kilomita 50 mpaka 100, azikague tena.

Mwambie pia aangalie vitu vya usukani: tairodi na boljointi. Fundi akizifungua wakati wa kazi na asizikaze vizuri, steringi inakuwa na mchezo. Akihisi steringi inaelea au inachelewa kuitika, gari lisiendeshwe kabisa, fundi amfuate lilipo.

SWALI LA 1: LINATETEMEKA AU LINADUNDA?

Wateja wanatumia neno "kutetemeka" kwa kila kitu. Muulize: "Kwenye lami safi iliyonyooka linafanya hivyo, au mpaka upite kwenye matuta na rasta?"

Akisema ni kwenye matuta na rasta tu, hapo hatuzungumzii mtetemo wa tairi. Tunazungumzia shokapu. Springi fupi kwa kawaida ni ngumu kuliko ya kiwandani, na inaifanya shokapu ifanye kazi ikiwa imebonyea zaidi. Shokapu iliyokuwa imechoka kidogo, ambayo kwa springi laini ilikuwa inajikongoja, sasa inashindwa kabisa. Gari linadunda kama mpira, au linagonga kwenye raba ya kizuizi iliyo juu ya shokapu. Springi ni nzima, ila imefungwa kwenye shokapu zilizokwisha.

Mwambie amkague fundi akitafuta dalili hizi: mafuta yamevuja kwenye mwili wa shokapu, raba ya kizuizi imepasuka, au gari likibonyezwa kwenye kona linapanda na kushuka mara mbili tatu kabla ya kutulia.

Akisema ni kwenye lami safi, nenda swali la 2.

SWALI LA 2: KWENYE SPIDI GANI, NA UNAHISI WAPI?

Kama linaanza kati ya 80 na 110 hivi, na likipita hapo wakati mwingine linapungua, karibu kila mara ni tairi na rimu. Akihisi kwenye steringi, tatizo liko mbele. Akihisi kwenye kiti na sakafu, tatizo mara nyingi liko nyuma.

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Rimu iliyopinda ikikaa nyuma, dereva anaweza kutembea nayo mwaka mzima bila kuihisi. Fundi akitoa tairi zote nne ili afunge springi, akirudisha hakumbuki ipi ilikuwa wapi. Ile iliyopinda inakuja mbele. Kesho yake steringi inatetemeka na springi zinatukanwa.

Nilikuwa na mteja wa Allion wa namna hiyo. Nilimwomba kitu kimoja tu ambacho hakina gharama: abadilishane tairi za mbele na za nyuma, kila moja ibaki upande wake wa kushoto au kulia. Mtetemo ukahama kutoka kwenye steringi ukaenda kwenye kiti. Hapo hakukuwa na ubishi tena, kwa sababu springi hazikuguswa na mtetemo umehama na tairi. Akaenda kunyoosha rimu na kubalansi.

Jaribio hili linafaa kama tairi za mbele na nyuma ni saizi moja. Kama ni tofauti, apitilize moja kwa moja kwenye balansi.

Vitu vingine vya kumwambia fundi aangalie hapohapo:

- Kutu na udongo kwenye habu. Rimu isipokaa bapa kwenye habu, inazunguka imeinama kidogo. Apige brashi ya waya kabla ya kurudisha.
- Vipande vya risasi vya balansi. Vinadondoka kwa urahisi tairi ikibamizwa chini. Alama safi ya mraba kwenye rimu chafu maana yake kilikuwepo na kimetoka.
- Tope kavu ndani ya rimu. Linatosha kabisa kuharibu balansi.

SWALI LA 3: NI UKIKANYAGA MAFUTA TU?

Muulize: "Ukiwa 80, ukiachia mafuta bila kufunga breki, mtetemo unaendelea au unapotea?"

Ukiendelea vilevile, rudi kwenye tairi. Ukipotea ukiachia na kurudi ukikanyaga, angalia shafti.

Magari mengi tunayouzia springi yanavutwa na tairi za mbele: IST, Allion, Premio, Runx. Kila upande una draivu shafti, na jointi yake ya ndani ina vibingiri vinavyotembea ndani ya kikombe. Baada ya miaka mingi vibingiri hivyo vinachimba njia zao. Gari likishushwa, pembe inabadilika na vibingiri vinahamia sehemu nyingine ya kikombe. Ukikanyaga mafuta, gari zima linayumba kushoto na kulia kwa harakaharaka. Kadiri ulivyoshusha zaidi ndivyo inavyozidi.

Fundi aangalie mipira ya shafti kama imepasuka au grisi imerukia kwenye rimu. Aangalie pia kama wakati wa kufunga springi habu iliachwa ikining'inia ikavuta shafti.

Kwa magari yenye difu ngumu nyuma, lile bomba zima linalounganisha tairi mbili, kushusha gari kunabadilisha pembe ya propela pia. Propela inazunguka kasi mara kadhaa kuliko tairi, kwa hiyo mtetemo wake ni mwembamba, wa kuvuma, unausikia sakafuni kuliko mkononi. Hapo dawa ni kurekebisha pembe au kupunguza kiasi cha kushusha. Kubalansi tairi hakutasaidia kitu.

Na kama gari linatetemeka hata likiwa limesimama, injini inaunguruma tu? Hizo ni mauntingi za injini au injini yenyewe. Springi zako hazihusiki kabisa, na unaweza kumwambia hivyo bila wasiwasi.

SWALI LA 4: NI UKIFUNGA BREKI TU?

Kama steringi inatulia muda wote halafu inacheza ukikanyaga breki, tatizo liko kwenye diski. Linaweza kuwa la zamani. Lakini linaweza kuwa limeletwa na kazi ya jana: kutu kati ya diski na habu, au nati zilizokazwa kwa nguvu tofauti mpaka diski ikakaa upande. Afungue, asafishe, akaze upya kwa mtindo wa nyota. Mara nyingine linaishia hapo bila kununua kitu.

SWALI LA 5: SIKU ILE ULIBADILISHA NINI KINGINE?

Swali hili lisikupite. Uliza kwa upole, bila sauti ya kumtuhumu: "Hongera kwa kulipendezesha gari. Mbali na springi, kuna rimu mpya, spesa au tairi ulifunga?"

Rimu za kununua dukani nyingi zina tundu kubwa la katikati, mfano milimita 73.1, ili ziingie kwenye magari mengi. Habu ya Toyota yenye matundu 5 ya 114.3 ni milimita 60.1. Zile ndogo za matundu 4 ya 100 ni milimita 54.1. Nafasi inayobaki ikikosa pete ya kuiziba, rimu inashikiliwa na nati peke yake, na ikikaa pembeni kidogo tu mtetemo unaanza hata kama balansi imefanyika vizuri. Pete hizo ni za bei rahisi, na wewe muuzaji unaweza kuzitunza dukani.

Nati nazo. Kuna za kichwa cha koni, kuna za duara, na kuna za bapa zenye washa. Rimu ikiwa ya koni na nati ya bapa, haikai katikati na inaweza kulegea. Mwombe picha ya nati na ya tundu la rimu. Picha mbili tu zinaokoa wiki nzima ya kubishana.

SWALI LA 6: ALAIMENTI UMEFANYA?

Gari likishushwa, tairi zinabadilisha mwelekeo. Bila alaimenti gari halitatetemeka siku ya kwanza, lakini wiki chache baadaye tairi zinaliwa upande mmoja au kwa mawimbi. Zikishaliwa mawimbi, zinavuma na kutetemeka, na hapo alaimenti haizirudishi kuwa mpya. Kwa hiyo mteja anayelalamika baada ya mwezi, mwambie apitishe kiganja juu ya tairi. Akihisi milima na mabonde, jibu limepatikana.

Kuna bushi pia. Bushi za amu hukazwa gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Fundi akizikaza tairi zikining'inia hewani, gari likishushwa raba inajinyonga. Gari linakuwa kavu, kila mtikisiko wa barabara unaingia ndani, na bushi zinachanika mapema. Kulegeza na kukaza upya gari likiwa chini ni kazi ya muda mfupi.

LINI KOSA NI LETU?

Tusijifanye malaika. Yapo makosa yanayotoka kwa muuzaji, na ukiyaona usizungushe maneno:

- Umetuma springi za gari jingine, au za mbele na za nyuma zimechanganywa kwenye boksi.
- Springi mbili za upande wa mbele hazilingani urefu zikisimamishwa pamoja.
- Ncha ya springi haikai kwenye kikombe chake hata fundi akiigeuza vizuri. Hii huleta mlio wa "tang" ukikata kona, na gari linainama.
- Springi imekatika au ina ufa.

Ushahidi wa kuomba ni rahisi. Gari likiwa sehemu tambarare, apime kwa futi kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, kushoto na kulia. Atume na picha ya namba iliyochapwa kwenye springi, na picha ya ncha ya springi ikiwa kwenye kikombe. Kosa likiwa lako, lipa: badilisha mzigo, nauli juu yako, na kama fundi alilipwa mara mbili kwa sababu yako, changia. Mteja uliyemlipa vizuri kwa kosa lako atakuletea wengine. Na mteja uliyemthibitishia kwa heshima kwamba tatizo ni rimu, naye atarudi, tena atanunua na zile pete.

ZUIA KABLA HUJATUMA MZIGO

Tangu nianze kuuliza vitu vitatu kabla ya kupokea hela, mazungumzo ya aina hii yamekuwa mafupi. Nauliza namba ya chesisi ili nihakikishe springi ni za gari hilo. Nauliza shokapu zina muda gani, na kama zinavuja namwambia wazi asifunge springi fupi juu yake. Nauliza anataka kushusha kiasi gani na anapita barabara gani, kwa sababu anayeishi kwenye njia ya vumbi na makorongo hahitaji kushuka sana.

Halafu ndani ya boksi naweka karatasi moja ya fundi. Inakili, ibadilishe jina la duka, uitumie:

"Fundi, asante kwa kazi. 1) Weka alama kila tairi kabla ya kutoa, irudi mahali pake. 2) Safisha habu kwa brashi ya waya. 3) Ncha ya springi ikae kwenye kikombe chake. 4) Usiache habu ikining'inia kwenye shafti. 5) Kaza bushi za amu gari likiwa chini. 6) Kaza nati kwa mtindo wa nyota, zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 mpaka 100. 7) Mteja aende alaimenti na balansi. Kikitokea chochote, piga namba ya duka kabla hujafungua."

Na huu ndio ujumbe wa kujibu malalamiko, uhifadhi kwenye WhatsApp yako:

"Pole ndugu. Kwanza kagua nati zote. Kisha naomba unijibu: linatetemeka kwenye lami safi au kwenye matuta tu? Kuanzia spidi ngapi? Unahisi kwenye steringi au kwenye kiti? Ukiachia mafuta linaacha? Ukifunga breki linazidi? Ulibadilisha rimu, tairi au spesa? Alaimenti na balansi umefanya? Nitumie majibu na picha, tutafute tatizo pamoja. Likiwa la springi zangu, nalibeba mimi."

Mwenye mzigo wenye malalamiko kama hayo sasa hivi, aweke majibu ya mteja wake hapo chini, aina ya gari na spidi, tusaidiane.